Risasi Isiyokuwa Yake

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpenzi wa tamthilia za Kimarekani tangu nikiwa kidato cha pili. Juzi nimefika msimu wa tatu wa The 100, Lexa akauawa, na tangu siku hiyo nimeshindwa kuendelea. Mwaka jana nililia hivyohivyo kwa Tara wa Buffy. Shoga yangu ninayeangalia naye ananicheka. Anasema nimezidi, kwani kwenye The 100 kila mtu anakufa. Kweli nimezidi? Na mbona kila nikimpenda mhusika mwanamke anayempenda mwanamke mwenzake, haupiti muda namzika?"

Marahaba, binti. Hujazidi. Shoga yako naye hajakosea, ndiyo maana swali lako halijibiki kwa mstari mmoja.

(Nimefurahi umeandika "shoga yangu" kama tulivyolelewa kulisema Pwani, yaani rafiki wa kike wa mwanamke. Neno hilo siku hizi limebebeshwa mzigo mwingine, kwa hiyo humu nikitaka kutaja wanaopenda watu wa jinsia yao nitasema hivyo hivyo, tusichanganyane.)

Nimpe kwanza shoga yako haki yake. The 100 ni hadithi ya vita. Wells, ambaye mwanzo ulituaminisha kuwa tutakaa naye, anauawa na mtoto wa kike katika sehemu ya tatu tu. Finn, mpenzi wa mhusika mkuu Clarke, anachomwa kisu na Clarke mwenyewe. Lincoln anapigwa risasi muda mfupi baada ya Lexa. Na hakuna mtu katika dunia ile anayejali Lexa analala na nani. Kwa hiyo anayedai kwamba Lexa ameuawa kwa sababu anapenda wanawake, ndani ya hadithi yenyewe hatapata ushahidi.

Lakini mweke Finn kando ya Lexa, uwatazame vizuri. Finn aliua wanakijiji wasio na silaha alipokuwa akimtafuta Clarke. Watu wa Lexa wakadai damu yake. Clarke akamwahi kwa kisu ili asife kwa mateso. Kifo kile amekipika Finn mwenyewe, na hakuna mhusika mwingine ungeweza kumpachika pale hadithi ikasimama. Sasa njoo kwa Lexa: kamanda wa koo zote, mwanamke ambaye sehemu tatu nyuma tulimwona akimmaliza malkia wa maadui kwa mkuki mmoja. Anafungua mlango. Ndani, mshauri wake Titus ameshika bunduki anamlenga Clarke. Titus anakosa, risasi inamwingia Lexa tumboni. Amekufa kwa kufungua mlango. Na dakika chache kabla ya hapo yeye na Clarke walikuwa wamelala pamoja kwa mara ya kwanza.

Sehemu hiyo ilirushwa Marekani tarehe 3 Machi 2016. Rudi nyuma miaka 14, Mei 2002, kwa Tara wako. Yeye na mpenzi wake Willow wametoka kupatana baada ya kuachana. Wako chumbani, mchana kweupe. Nje uani Warren amekuja na bastola anamtafuta Buffy. Risasi moja inapotea, inapanda juu, inapita dirishani, inamkuta Tara. Kuna kitu pale ambacho nilipokigundua nilikasirika kuliko kifo chenyewe: Amber Benson alikuwa amemwigiza Tara tangu 1999, na ni siku hiyo tu jina lake lilipotokea pamoja na waigizaji wakuu kwenye wimbo wa ufunguzi. Mara ya kwanza na ya mwisho.

Ongeza mmoja. Siku 17 baada ya Lexa, kwenye The Walking Dead, daktari Denise yuko katikati ya sentensi, anawaeleza wenzake kwa nini ameamua kuacha kuogopa. Mshale unamtoboa jicho. Katika vitabu vya katuni ambako hadithi hiyo ilitoka, mshale ule ulikuwa wa kumuua mwanamume, Abraham. Na aliyeufyatua, Dwight, anakuja kusema waziwazi kwamba hata hakuwa anamlenga yeye.

Risasi, risasi, mshale. Vyote vitatu vilikuwa vya mtu mwingine.

Nimefundisha uandishi wa miswada kwa miaka mingi, na nakuambia hii haitokani na chuki ya mwandishi. Mara nyingi inatokana na woga wake. Mwandishi anataka kifo kitakachomuumiza mhusika mkuu. Anajua kwamba akimfanya mtu amuue mwanamke huyu kwa sababu ya mapenzi yake, watu watampigia kelele. Basi anatafuta kifo kisicho na mwenyewe: ajali, risasi iliyopotea, "bahati mbaya tu". Anadhani amejisafisha. Kumbe amefanya kibaya zaidi, kwa sababu sasa mwanamke huyo si mhusika hata katika kifo chake mwenyewe. Titus alikuwa na shida na Clarke. Warren alikuwa na shida na Buffy. Dwight alikuwa na shida na Daryl, mmoja wa wenzake Denise. Aliyelala chini hakuwa na ugomvi na mtu. Amepita tu njiani.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tuliijua kanuni hii kabla hatujajua Kiingereza: steringi hafi. Anayekufa ni rafiki wa steringi, na afe katikati ya kanda, ili steringi apate hasira ya kumalizia. Watoto tulikuwa tunambashiri mapema. Akitoa picha ya mchumba wake mfukoni, tunaambiana, "Huyo hafiki." Hatukuwa na uchungu naye, kwa sababu marafiki wa steringi walikuwa wa kila aina, na kesho yake ungempata steringi anayefanana na yule aliyekufa jana. Swali lako linaanzia hapo. Kama watu wa namna fulani hawapewi kamwe nafasi ya usteringi, wao ni marafiki wa steringi tu maisha yao yote, basi watakufa wengi kupita idadi yao, hata kama hakuna mwandishi mmoja aliyekusudia. Ni kama abiria waliopangiwa kiti kimoja tu, kile cha karibu na mlango ambao haufungi.

Nani aliwapangia kiti hicho? Hapa kuna historia ndefu. Hollywood ilijiandikia kanuni za maadili mwaka 1930, na kuanzia 1934 ofisi ya Joseph Breen ikazisimamia kwa ukali. Mapenzi ya jinsia moja yalikatazwa hata kudokezwa. William Wyler alipotengeneza filamu mwaka 1936 kutokana na tamthilia ya jukwaani ya Lillian Hellman, inayohusu walimu wawili wanawake wanaosingiziwa kuwa wapenzi, ilibidi kisa chote kigeuzwe kiwe wivu juu ya mwanamume. Mwaka 1961 kanuni zikalegezwa, mambo hayo yakaruhusiwa mradi yashughulikiwe kwa tahadhari. Wyler huyohuyo akarudi akaitengeneza upya kwa jina lake la asili, The Children's Hour. Safari hii mwalimu Martha, aliyeigizwa na Shirley MacLaine, anakiri kuwa kweli anampenda mwenzake. Kisha anajinyonga. Ruhusa ya kuonekana ilikuja pamoja na kitanzi.

Vitabu vya bei rahisi vilifanyiwa vivyo hivyo. Marijane Meaker alipoandika Spring Fire mwaka 1952, mhariri wake alimwambia wazi kuwa wasichana wale wawili hawawezi kuishia kwenye furaha, maana kitabu kinasafirishwa kwa posta na posta ingeweza kukizuia. Basi mmoja akarukwa na akili, mwingine akatambua kwamba hakuwahi kumpenda. Kitabu kikauzwa nakala zaidi ya milioni moja. Vito Russo, aliyeandika historia ya wahusika hawa katika filamu mwaka 1981, aliweka mwishoni mwa kitabu chake orodha ya waliokufa na namna walivyokufa. Ukiisoma unaelewa kwa nini mashabiki wa 2016 walipoona damu ya Lexa hawakuona damu ya Lexa peke yake. Mwandishi wa The 100 aliona kifo kimoja. Wao waliona cha mia na kitu.

Ilipofika zamu ya televisheni, aliyeshika rungu alikuwa mwenye matangazo ya biashara. Novemba 1989, kipindi cha thirtysomething kilionyesha wanaume wawili wamekaa kitandani wanaongea. Wanaongea tu. Wadhamini wakajitoa, kituo cha ABC kikapoteza zaidi ya dola milioni moja, na sehemu hiyo haikurudiwa. Mwenye kituo akishaona hesabu kama hiyo, unadhani atakubali mtu wa namna hiyo awe steringi wa kila wiki? Atakubali aje kidogo, aondoke. Tena kwa wakati maalumu. Marekani kuna miezi ambayo watazamaji wanahesabiwa ili bei ya matangazo ipangwe, Novemba, Februari na Mei zikiwa kubwa zaidi. Busu la wanawake wawili kwenye L.A. Law lilikuja Februari 1991. Watu wakakodoa macho, magazeti yakaandika, na hadithi ya wawili wale haikufika popote. Mtindo huo ukaendelea miaka mingi: busu linatangazwa kama mkutano wa hadhara, na mhusika anatoweka kama mwenye nyumba aliyedaiwa.

Mchekeshaji Ellen DeGeneres ndiye aliyejaribu kukaa kiti cha mbele. Tarehe 30 Aprili 1997 mhusika wake, aliyekuwa steringi kwa karibu misimu minne, alisema kuwa anapenda wanawake, kwa bahati mbaya mbele ya kipaza sauti cha uwanja wa ndege. Watu wapatao milioni 42 waliangalia. Kituo cha ABC cha Birmingham, Alabama, kilikataa kuirusha. Msimu uliofuata vipindi vyake vikawekewa onyo mwanzoni, na 1998 vikafungwa. Hata Laura Dern, aliyekuja kuigiza siku moja tu kama mwanamke anayependwa na Ellen, amesimulia jinsi alivyokaa zaidi ya mwaka bila kupata kazi. Kanuni za Breen zilikuwa zimekufa miaka karibu 30, na adhabu ilikuwa bado hai. Imehama tu: imetoka kwa mhusika imehamia kwa mwigizaji.

Ukilijua hilo, unaweza kurudi kwa Lexa ukaona kitu ambacho hakiko kwenye skrini. Alycia Debnam-Carey hakuwahi kuwa miongoni mwa waigizaji wa kudumu wa The 100. Alikuwa mgeni kwa mkataba. Mwaka 2015 tamthilia nyingine, Fear the Walking Dead, ikampa nafasi ya kudumu, na ratiba yake ikawa ya huko. Watetezi wa watayarishaji husema basi, wangefanyaje, mwigizaji ameondoka. Ni kweli alikuwa anaondoka. Lakini kamanda anaweza kwenda vitani asirudi kwa misimu miwili. Anaweza kufa akiulinda muungano wa koo alioujenga, kwa uamuzi wake. Namna zilikuwa nyingi, wakachagua mlango na risasi. Na jambo la msingi zaidi: mpenzi wa steringi, mhusika aliyebeba nusu ya msisimko wa tamthilia, ulimwajiri kama mgeni kwa nini? Kiti cha mlangoni kilekile.

Kilichowachoma mashabiki zaidi kilikuwa kubembelezwa. Kwa miezi watayarishaji walizungumza nao mitandaoni wakijisifu kwa uhusiano ule. Alycia akaonekana akipiga picha za sehemu ya mwisho ya msimu, mashabiki wakashusha pumzi: basi yu hai. Kumbe alikuwa anarudi kama kumbukumbu tu, ameshakufa. Mwezi huohuo kiongozi wa tamthilia, Jason Rothenberg, aliandika barua ndefu ya kuomba radhi. Mashabiki hawakukaa kulia. Walichanga zaidi ya dola 100,000 kwa ajili ya The Trevor Project, shirika linalowapigania vijana wa jamii hiyo wasijiue, na Machi 2017 wakafanya mkutano wao wenyewe Las Vegas, wakauita ClexaCon, kwa jina la Clarke na Lexa. Mimi sijui mhusika mwingine wa kubuni aliyefanyiwa arobaini kubwa kama ile.

Sasa usije ukanielewa vibaya ukadhani nataka wasife. Wapo wanaotaka hivyo, nami siwaungi mkono. Mhusika asiyeweza kufa ni mwanasesere wa dukani, unamwangalia kwenye kioo.

Mtazame Omar Little wa The Wire. Ni jambazi wa Baltimore anayewaibia wauza unga, anapenda wanaume, na tangu msimu wa kwanza anamlilia Brandon, mpenzi wake aliyeteswa hadi kufa. Mwaka 2008, katika msimu wa tano na wa mwisho, Omar anaingia duka la pembeni kununua sigara, na mtoto mdogo anayeitwa Kenard anampiga risasi kwa nyuma. Ni kifo cha kijinga, dukani, kwa mkono wa mtoto. Ukikiandika kwenye karatasi kinafanana kabisa na cha Lexa. Lakini sijawahi kukutana na shabiki anayekilalamikia kwa namna hiyo. Risasi ile ilikuwa yake. Misimu mitano mtaa mzima ulikuwa unamkimbia na watoto wanaigiza kuwa yeye, na Kenard mwenyewe tulishamwona miaka ya nyuma kwenye kundi la watoto wanaogombania zamu ya kuwa Omar. Amekufa kwa sheria ileile inayowaua wote pale, na amekufa akiwa na shughuli zake, maadui zake, kiapo chake. Halafu angalia upande wa pili: mpelelezi Kima Greggs, mwanamke anayeishi na mwanamke, anafika mwisho wa hadithi akiwa hai. Alipangiwa kufa msimu wa kwanza kwa risasi, mkuu mmoja wa kituo cha HBO akawashawishi waandishi wamwache. Ninaipenda habari hiyo. Inaonyesha kwamba wakati mwingine kinachohitajika ni mtu mmoja chumbani wa kuuliza, "Lazima?"

Waingereza wana mfano mwingine, Hayley wa Coronation Street, aliyeingia 1998, mhusika wa kudumu wa kwanza aliyebadili jinsia katika tamthilia zao za kila wiki. Mwanzo aliletwa kwa utani, mwenza wa kuchekesha wa Roy mwenye mkahawa. Akakaa. Wakaoana bila cheti mwaka 1999 kwa kuwa sheria haikuwatambua, na baada ya sheria kubadilishwa 2004 hadithi ikaweza kuwapa ndoa halali. Alipoaga Januari 2014, akiugua kansa ya kongosho, alikuwa amekaa kwenye mtaa ule kwa miaka 16. Watu walilia nchi nzima, na sijasikia aliyesema ameonewa na waandishi.

Kwa hiyo ukitaka kumjibu shoga yako, usibishane naye juu ya idadi ya maiti. Muulize: kifo kile kilikuwa cha nani? Kilianzia kwenye jambo ambalo huyo mtu alilifanya au alilitaka, au kilikuwa kinamtafuta mwingine? Na kabla ya kufa, alikuwa na shughuli gani ambayo haikumhusu steringi? Lexa alikuwa nayo, alikuwa na muungano mzima wa kuusimamia. Ndiyo maana inauma. Mtu mwenye kazi nzito kiasi kile anafutwa na mlango. Tara masikini hata shughuli yake nje ya Willow naikumbuka kwa shida.

Kwa upande wa steringi mambo yamebadilika kuliko unavyodhani. Mfano ninaoupenda una dereva wa matatu wa Nairobi ndani yake. Sense8, ya akina Wachowski na J. Michael Straczynski, ilianza 2015 ikiwa na steringi wanane walioungana akili kutoka miji minane. Mmoja ni Capheus, anayeendesha matatu yenye picha ya Jean-Claude Van Damme, steringi wa mabanda yetu yaleyale. Wenzake ni pamoja na Nomi wa San Francisco, mwanamke aliyebadili jinsia, aliyeigizwa na Jamie Clayton ambaye naye ni hivyo, na Lito, mwigizaji wa Mexico anayemficha mpenzi wake mwanamume. Hapo huwezi kumuua Nomi ili mtu mwingine apate hasira, kwa sababu maumivu yake ni ya wote wanane, na hadithi ingekwama. Netflix walipoifunga 2017 mashabiki walikuja juu mpaka ikarudishwa kwa sehemu moja ndefu, Juni 2018. Inaishia kwa harusi ya Nomi na Amanita, juu ya mnara wa Eiffel. Wakati huohuo, Juni 2017, bodi ya filamu ya Kenya ilikuwa imeagiza katuni sita zisirushwe, mojawapo The Legend of Korra, ambayo kosa lake ni wasichana wawili kushikana mikono na kutazamana katika dakika ya mwisho kabisa. Nairobi ileile, mwaka uleule.

Mwisho, dawa. Usimalizie The 100 sasa hivi, itakusubiri. Tafuta Wynonna Earp, ya huko Kanada, iliyoanza Aprili 2016 watu wakiwa bado na matanga ya Lexa. Kuna askari polisi anaitwa Nicole, na mdogo wa steringi, Waverly. Utawapenda, na najua utaanza kuogopa. Karibu na mwisho wa msimu wa kwanza utamwona Nicole anapigwa risasi kifuani, anaanguka, na Waverly anapiga kelele. Usizime. Askari yule amevaa fulana ya kuzuia risasi.